Kasi ya Kompyuta na Bili ya Stima: Jinsi ya Kupanga Prosesa

Siku hizi mkazi wa Machakos anayehitaji huduma ya serikali hupita kwanza mbele ya kompyuta. Cheti cha maadili mema na leseni ya kuendesha gari huombwa kwenye eCitizen. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, mwenye PIN ya KRA hutakiwa kuwasilisha ripoti ya mapato yake. Wengi hawana kompyuta nyumbani, kwa hivyo hutegemea saiba ya Tala, Masii, Matuu au Kithyoko, au mwalimu mwenye kipakatalishi cha shule.

Mwenye saiba naye hutegemea tokeni za stima. Tokeni zikimwisha katikati ya wiki ya mwisho ya Juni, foleni yote husimama. Katika shule inayotumia sola, betri ikizimika saa nane mchana, alama za wanafunzi hazifiki kwenye tovuti ya KNEC siku hiyo. Somo la toleo hili linahusu sehemu moja ya kompyuta ambayo matumizi yake ya stima yanaweza kupangwa bila kununua chochote. Sehemu hiyo ni prosesa.

Mapigo na volti

Vitabu vya shule huiita kichakataji, lakini fundi wa Machakos mjini atakuelewa haraka zaidi ukisema prosesa. Ni kile kipande kidogo cha mraba kilicho chini ya feni, ambacho hufanya hesabu zote za kompyuta. Hufanya kazi kwa mapigo, na kasi yake hupimwa kwa gigahezi. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni moja kwa sekunde, kwa hivyo prosesa ya gigahezi 3 hupiga mara bilioni tatu kabla hujamaliza kutamka jina lako.

Kasi hiyo hugharimu umeme. Ili prosesa ipige haraka bila kukosea, lazima ipewe volti nyingi zaidi. Umeme inaotumia katika kupiga hufuata kasi, mara volti, kisha mara volti tena. Volti inahesabiwa mara mbili, na ndiyo maana hatua za mwisho za kasi huwa ghali kuliko zote. Ukishusha kasi kwa asilimia 20, na volti ikaweza kushuka kwa asilimia 15, piga hesabu: 0.8 mara 0.85 mara 0.85 ni kama 0.58. Umepoteza moja ya tano ya kasi, lakini prosesa imepunguza umeme wake kwa zaidi ya mbili ya tano.

Watengenezaji wenyewe waligonga ukuta huo. Kwa miaka mingi walishindana kuongeza gigahezi, hadi joto likawashinda. Mwaka 2004 kampuni ya Intel iliachana na mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Kuanzia mwaka uliofuata, kompyuta za kawaida zilianza kuja na prosesa zenye viini viwili, kisha vinne, badala ya kiini kimoja kinachokimbia zaidi na zaidi. Ndiyo sababu kompyuta ya leo inaweza kuandikwa gigahezi chache kuliko ya mwaka 2004 na bado ikaishinda kwa mbali.

Gavana wa matatu na gavana wa kompyuta

Wanaokumbuka mwaka 2004 wanakumbuka pia sheria za Michuki, zilizopewa jina la John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Matatu zote zilitakiwa kufungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kifaa hicho wengi walikiita gavana, na mafundi wa injini za dizeli walikuwa wakilitumia jina hilo tangu zamani. Mwaka 1788 James Watt aliifunga injini yake ya mvuke kifaa chenye mipira miwili inayozunguka. Injini ikikimbia sana, mipira hupanuka na kupunguza mvuke. Ikipungua kasi, huufungulia. Jina la Watt ndilo tunalotumia leo kupimia umeme, yaani wati.

Kompyuta nayo ina gavana wake. Katika mfumo wa Linux, programu inayoamua kasi ya prosesa imepewa jina hilo hilo la Kiingereza, governor, kama mkuu wa kaunti. (Tumeulizwa, na jibu ni hapana: hachaguliwi kila baada ya miaka mitano.) Katika Windows kazi hiyo hufanywa na kile kinachoitwa mpango wa nguvu. Intel ilianza kuuza prosesa za vipakatalishi zenye uwezo wa kubadilisha kasi, kwa jina la SpeedStep, mwaka 2000. Leo uwezo huo umo karibu katika kila kompyuta na kila simu ya kisasa.

Gavana wa matatu anajua kuweka dari peke yake. Gavana wa kompyuta hupima kazi iliyopo mara nyingi kwa sekunde. Ukiwa unasoma ukurasa na mkono hauko kwenye kipanya, hushusha kasi, na viini visivyo na kazi huvilaza usingizi mfupi. Ukibofya kufungua faili, huvipandisha kabla jicho halijagundua. Prosesa nyingi za kisasa huruhusiwa hata kupita kasi yake ya kawaida kwa muda mfupi, na mbio hizo za ziada ndizo zinazokula volti nyingi zaidi.

Kushusha kasi hadi wapi?

Hapa ndipo ushauri mwingi unaosambazwa kwenye WhatsApp hukosea. Mtu akisikia kwamba kasi ndogo hupunguza umeme, huishusha hadi chini kabisa na kuamini ameokoa pesa. Tufanye hesabu ya mfano kwa kompyuta ya mezani ambayo prosesa yake hutumia wati 50 ikiwa kazini, na vitu vingine vyote, yaani skrini, diski, memori na feni, hutumia wati 40.

Kazi fulani, tuseme kutayarisha faili kubwa ya picha za harusi, inachukua saa moja kwa kasi kamili. Jumla ni wati 90 kwa saa moja, yaani watisaa 90.

Shusha kasi kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 15 kama tulivyofanya hapo juu. Prosesa sasa inatumia wati 29, lakini kazi inachukua saa moja na robo. Jumla ya wati 69 kwa muda huo ni kama watisaa 86. Umeokoa kidogo.

Sasa shusha kasi hadi nusu. Volti haiwezi kuendelea kushuka kwa kiwango hicho hicho, kwa sababu kuna kikomo ambacho chini yake prosesa haifanyi kazi. Tuseme imeshuka kwa robo. Prosesa inatumia wati 14 tu, na ukiitazama peke yake unafurahi. Lakini kazi imechukua saa mbili, na muda huo wote skrini na vitu vingine vimeendelea kula wati 40. Jumla ni watisaa 108. Umetumia stima nyingi kuliko uliyekimbia, na mteja amekusubiri mara mbili.

Kwa kazi ambayo ikiisha kompyuta inazimwa au inalala, basi, kushusha kasi kupita kiasi ni hasara. Ni afadhali prosesa ifanye kazi kwa mwendo mzuri, imalize, ipumzike. Faida iko katikati: ondoa zile mbio za ziada zinazokula volti, kisha umwachie gavana kasi iliyobaki.

Hesabu ya saiba ni tofauti kidogo. Pale kompyuta zimewaka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mteja awepo asiwepo. Wati 40 za skrini na vitu vingine zingeliwa hata hivyo. Kwa hivyo kile kinachookolewa kwenye prosesa huonekana chote. Katika mfano wetu, kazi ile ile inaitaka prosesa watisaa 36 badala ya 50.

Pesa ni ngapi?

Bei ya yuniti ya stima hubadilika kila mwezi kwa sababu ya gharama ya mafuta, kodi na mengineyo, kwa hivyo tazama risiti yako ya tokeni. Kwa mfano huu tuchukue shilingi 25.

Saiba yenye kompyuta 10, kila moja ikipunguza wastani wa wati 15, ikifanya kazi saa 10 kwa siku na siku 26 kwa mwezi, itaokoa yuniti 39. Hiyo ni shilingi 975. Ni pesa ya kununulia rimu ya karatasi na chenji ikabaki, lakini haitoshi kumlipa mtu.

Linganisha na jambo jingine. Saiba hiyo hiyo ikifunga jioni na kuacha kompyuta zote 10 zikiwaka bila kazi, kila moja ikila wati 35 kwa saa 14 za usiku, kwa usiku 26 itatumia yuniti 127. Hizo ni zaidi ya shilingi 3,100 kwa mwezi, na hakuna aliyekuwepo kuzitumia. Kwa maoni ya dawati hili, mwenye saiba asianze na prosesa kabla hajahakikisha kompyuta zinazimwa usiku, na kwamba skrini huzimika zenyewe baada ya dakika tano bila mtu. Akishamaliza hayo, ndipo prosesa inafuata.

Hatutadai pia kwamba kompyuta zetu zitaliokoa bwawa la Masinga. Mtambo wa bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1981 na lililo juu zaidi katika msururu wa mabwawa ya Mto Tana, una uwezo wa megawati 40, yaani wati milioni 40. Ukame wa mwaka 2009 ulipopunguza maji hadi mtambo huo ukazimwa, sababu ilikuwa mvua. Somo hili linahusu mfuko wako na betri yako.

Shule na zahanati zinazotumia sola

Kwenye sola ndiko kupanga prosesa kunaleta tofauti kubwa kuliko kote, kwa sababu betri haina mahali pa kukopa. Tuchukue shule ya Yatta au Masinga yenye betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa hesabu ina watisaa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi ikimalizwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hivyo zinazotumika ni 600. Kigeuza umeme nacho hupoteza sehemu yake. Tukikadiria asilimia 15, zinabaki watisaa 510.

Walimu watatu wanaingiza alama kwenye vipakatalishi vitatu. Kila kimoja kikila wati 40, betri itawapa saa nne na robo. Wakiondoa mbio za ziada za prosesa na kupunguza mwanga wa skrini hadi kila kipakatalishi kile wati 25, betri ile ile itawapa karibu saa saba. Kuingiza alama kwenye jedwali hakuhitaji hata robo ya nguvu ya prosesa, kwa hivyo hawatahisi tofauti yoyote. Alama zitafika siku hiyo hiyo.

Kipakatalishi kina betri yake pia. Ni busara kuichaji mchana jua likiwa kali, wakati paneli inazalisha stima nyingi kuliko inayotumika, kisha kuitegemea jioni.

Joto na vumbi

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, sikiliza feni. Prosesa hujilinda: joto lake likikaribia kiwango cha hatari, ambacho kwa nyingi ni karibu nyuzi 100 za selsiasi, hujishushia kasi yenyewe bila kukuuliza. Chumba cha mabati huko Matuu saa tisa alasiri, na feni iliyojaa vumbi jekundu, vinatosha kuifikisha huko. Mteja hulalamika kwamba mtandao uko chini, mwenye saiba hupigia simu kampuni ya intaneti, kumbe kompyuta inajizuia kwa sababu haipumui.

Zima kompyuta, chomoa waya, fungua kifuniko, toa vumbi kwa brashi laini ukiwa umeishika feni isizunguke. Usiweke kipakatalishi juu ya kitanda au kochi, kwa sababu kitambaa huziba matundu ya chini. Ikiwa ina zaidi ya miaka minne, mwombe fundi abadilishe ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza, maana hukauka. Kompyuta iliyosafishwa hivyo mara nyingi huongeza kasi na kupunguza kelele siku hiyo hiyo.

Jinsi ya kupanga

Maelezo haya ni ya kompyuta yako mwenyewe. Kompyuta za ofisi za kaunti, hospitali na vituo vya afya zisiguswe bila afisa wa ICT, kwa kuwa baadhi yake huhudumia nyingine.

Katika Windows, fungua Control Panel, kisha Power Options. Chagua mpango ulioandikwa Balanced. Kwa watu wengi huo unatosha. Usichague High performance kwa sababu tu jina lake linapendeza. Ukitaka kwenda mbele, bofya Change plan settings, kisha Change advanced power settings, na utafute Processor power management. Ndani yake kuna Minimum processor state na Maximum processor state. Ya chini iache kwenye asilimia 5. Ya juu, ukiishusha kutoka 100 hadi 99, kompyuta nyingi huacha zile mbio za ziada kabisa. Hiyo asilimia moja inaonekana ndogo, lakini utasikia feni ikitulia. Kipakatalishi huonyesha mistari miwili, mmoja wa kutumia betri na mmoja wa kuchomekwa. Kwenye mstari wa betri unaweza kujaribu 80, kisha uone kama kazi yako inakwenda vizuri. Kompyuta ya mezani huonyesha mstari mmoja.

Kompyuta nyingi mpya zimeficha mistari hiyo. Hapo nenda Settings, System, kisha sehemu ya Power, na uchague kati ya hali tatu zinazoonyeshwa chini ya Power mode. Wanaotumia Ubuntu watapata chaguo kama hizo kwenye kona ya juu ya kulia ya skrini. Kwenye simu, hali ya kuokoa betri hufanya kazi hiyo hiyo ya kuzuia prosesa. Huenda ujumbe wa WhatsApp ukachelewa, lakini SMS za M-Pesa huingia kama kawaida.

Kuona matokeo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance, utaona kasi ya prosesa ikipanda na kushuka mbele yako. Ikiwa iko juu muda wote na hufanyi lolote, kuna programu inayofanya kazi kisirisiri. Mara nyingi ni sasisho, lakini wakati mwingine ni virusi.

Jihadhari na programu za bure zinazoahidi kuongeza kasi mara mbili. Jihadhari pia na anayekwambia abadilishe volti kwa mkono kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta. Volti ikikosewa, kompyuta huweza kuzima ghafla ukiwa katikati ya fomu, na ikizidi huiua prosesa.

Ukienda kununua

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa madukani kwetu vimetumika ng'ambo kwanza, na muuzaji hutaja i5 au i7 kana kwamba hiyo inatosha. Tazama herufi ya mwisho ya jina la prosesa. Kwenye prosesa za Intel za vipakatalishi, U huonyesha iliyotengenezwa kutumia umeme mdogo, nyingi zikiwa za wati 15. H huonyesha ya kazi nzito, yenye njaa ya stima. Kwenye kompyuta za mezani, T mara nyingi ni ya wati 35 ambapo ndugu yake wa kawaida ni wa wati 65. Wati hizo ni za kazi ya kawaida, si kikomo cha juu, lakini zinatosha kulinganisha. Kwa shule ya sola au saiba ya kujaza fomu, U au T ndiyo ya kutafuta. Anayehariri video za harusi huko Mlolongo ana sababu nzuri ya kulipia H.

Baada ya kupanga, pima. Andika yuniti zilizobaki kwenye mita yako ya tokeni Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua, kisha tena Jumamosi jioni. Fanya hivyo wiki moja kwa mpangilio wa zamani na wiki moja kwa mpya, wateja wakiwa takriban idadi ile ile. Usiongeze friji wala kichapishaji katikati, la sivyo hutajua ni nini kilichobadilisha hesabu.